Shufwa, Witiri na Mkono wa Mungu

Pembetatu ambayo wanafunzi wa Lubumbashi hufundishwa kwa Kifaransa, kwa jina la Pascal, hujengwa kwa kanuni moja: pembeni weka 1, na kila namba ya ndani iwe jumla ya mbili zilizo juu yake. Tia rangi namba witiri, uache shufwa wazi, na pembetatu zinatokea ndani ya pembetatu bila kikomo. Katika mistari minne ya kwanza, witiri ni 9 kati ya namba 10. Katika mistari 1,024 ni 59,049 tu kati ya 524,800, na kadiri unavyoshuka fungu lao huzidi kufifia ingawa haziishi kamwe. Wapo waamini wanaouona hapa mkono wa Muumba. Nadhani wameshika ushahidi usio wao, nami nasema hivyo kwa kuijali imani.

Alama hutuambia kitu pale tu ilipoweza kuwa vingine. Mfupa wa Ishango, alioufukua Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward, mashariki mwa nchi yetu, hukadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu mbili kati ya tatu za mikato yake zina makundi ya witiri tupu: 11, 13, 17, 19 katika moja, 9, 19, 21, 11 katika nyingine. Wataalamu hubishana kama ni hesabu au kalenda ya mwezi, na ubishi huo una maana kwa sababu aliyekata 13 angeweza kukata 12. Pembetatu haina uhuru huo. Witiri na witiri zikijumlishwa huzaa shufwa, witiri na shufwa huzaa witiri. Ukiishakubali 1 ya pembeni, mengine yote yameamuliwa, kwa Yang Hui aliyeichora China mwaka 1261 na kwa mtoto wa Katuba, Lubumbashi, leo. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba hata uweza wa Mungu hauhusu mambo yanayojipinga. Mpangaji basi angechagua nini hapa?

Atauliza mtu: ulazima wenyewe umetoka wapi, kama si katika akili ya Mungu? Mwanafalsafa Leibniz alifikiri hivyo, na hoja yake ni nzito. Lakini inasimama vilevile juu ya 1 + 1 = 2, ambayo haina umbo lolote la kupendeza. Urembo wa rangi umeongeza mshangao wetu, ushahidi haukuongezeka. Wala mwamini hapotezi kitu kwa kukiri hivyo. Pascal aliandika juu ya pembetatu mwaka 1654. Mwaka huohuo, usiku wa Novemba 23, alipata tukio la imani lililobadili maisha yake. Karatasi aliyoiandika usiku ule na kuishona ndani ya vazi lake inamtaja Mungu wa Ibrahimu na kumtofautisha na yule wa wanafalsafa. Pembetatu haimo.