Mtoa Taarifa Namba 4

Mwaka jana tulipewa kazi ya kukusanya msamiati kutoka mahali tunapotoka. Mimi nilichagua majina ya mimea ya dawa, nikarudi kwetu Gikundamvura, wilaya ya Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda. Ukilisoma jina la kwetu kwa Kinyarwanda utakuta ndani yake kupenda na mvua. Chini yetu liko bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Burundi na Kongo ziko karibu. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwetu kwa njia ya soko, miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Niliongea na wazee sita. Mmoja wao, bibi aliyewahi kufanya biashara ya samaki wakavu na mawese huku na huku mpakani, alinizungusha kwenye ua wa nyumba yake na kando ya mto asubuhi mbili nzima. Katika mimea 31 niliyoiorodhesha, 23 ilitoka kwake, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, pamoja na matumizi yake. Nilipata alama 17 kwa 20. Nilifurahi, nikampelekea nakala. Mjukuu wake akamsomea kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mimi niko wapi humu?"

Nikamwonyesha kwa kidole: Mtoa taarifa Na. 4, mwanamke, miaka 71.

"Kumbe mimi ni nne," akasema, akacheka. Waliokuwepo wakacheka pia. Mimi nilibaki nikiangalia karatasi yangu. Jina langu lilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Swali la insha hii ndilo hilo la bibi. Mtu aliyetuonyesha jambo ana haki gani juu ya ujuzi tunaouandika? Je, kumtaja ni shukrani tu, kitu ambacho mwungwana hukitoa na asiye mwungwana hukiacha? Au ni wajibu?

Jibu nililipatia mahali ambapo sikutarajia. Mmea mmoja kati ya ile ya bibi ni umubirizi, ule wenye majani machungu ambao wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumebanwa pua. Nilipokuwa nikitafuta jina lake la kisayansi, Vernonia amygdalina, nilikutana na habari za watafiti wa tabia za wanyama kule Mahale, mkoa wa Kigoma, Tanzania, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwafuatilia sokwe mtu huko mwaka 1965. Maabara yao haikuwa na kuta. Ilikuwa msitu, daftari, na watu wa kijiji waliojua njia.

Mwezi Novemba 1987, Michael Huffman, mtafiti Mmarekani wa Kyoto, alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde. Seifu alikuwa Mtongwe, mfanyakazi wa hifadhi na mganga wa miti shamba. Walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mnyonge. Alikwenda kwenye kichaka, akavunja matawi machanga, akamenya gamba, akatafuna kiini cha ndani, akameza maji yake na kutema makapi. Huffman akauliza ule ni mti gani. Seifu akamwambia ni mjonso, na kwamba ni dawa: Watongwe huutumia kwa homa na magonjwa ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nguvu.

Mjonso ndio umubirizi wetu. Baadaye wanakemia wa Kyoto waliuchambua na kukuta ndani yake viambata vyenye nguvu dhidi ya vimelea. Leo habari za Chausiku zimo katika vitabu vingi vinavyoeleza jinsi wanyama wanavyojitibu. Lakini tuitazame ile siku yenyewe. Bila Seifu, Huffman angeona sokwe anakula kichaka, basi. Bila Huffman, jambo hilo lisingepimwa wala kufika mbali. Mmoja alikuwa na jicho linalojua linatazama nini, mwingine alikuwa na njia ya kuthibitisha. Makala ya kwanza kuhusu tukio hilo, iliyotoka mwaka 1989 katika jarida la Primates, ina majina mawili ya waandishi: Huffman na Seifu.

Nilipoona hayo nilimkumbuka namba 4.

Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Kule Gombe, kaskazini ya Mahale, Jane Goodall alianza kazi yake mwaka 1960, na ulimwengu wote unamjua. Lakini shambulio la kwanza katika vita mashuhuri vya sokwe wa Gombe, lile la Januari 1974 ambapo dume aitwaye Godi alipigwa vibaya na kundi la jirani, alilishuhudia Mtanzania, Hilali Matama. Mwaka uliofuata watu wenye silaha walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo ni wafanyakazi Watanzania walioendelea kupanda milima kila asubuhi na kuandika walichokiona, kwa Kiswahili. Sisi tunaosoma lugha hii tusilipite jambo hilo haraka: sehemu kubwa ya yale ambayo binadamu anayajua kuhusu sokwe iliandikwa kwanza kwa Kiswahili, na watu ambao wengi wetu hatuwezi kutaja hata mmoja wao.

Majina ya sokwe wenyewe tunayajua: Chausiku, Godi. Nchini kwetu, tangu Dian Fossey alipoanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967, gorila aliyeitwa Digit amejulikana duniani kuliko watu waliokuwa wakitembea mbele ya watafiti wakifyeka njia. Kila mwaka tunafanya sherehe ya Kwita Izina kuwapa majina watoto wa gorila, na ni sherehe nzuri, kwa sababu mnyama mwenye jina hawezi kufa bila mtu kuuliza. Kama tunajua hivyo kuhusu gorila, tulishindwaje kujua kuhusu bibi?

Najua pingamizi zilizopo, na si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba watu hawa hulipwa. Fundi aliyejenga nyumba amelipwa, wala hadai jina lake liandikwe ukutani. Hoja hii ilinisumbua, mpaka nilipoona tofauti. Nyumba haiombi kuaminiwa. Ukitaka kujua kama ukuta ni imara, unausukuma. Lakini ninapoandika kwamba mmea fulani unatibu tumbo, namwomba msomaji aniamini, na mimi mwenyewe nimemwamini mtu mwingine. Mshahara unalipia siku za kazi. Ushahidi haununuliwi kwa mshahara, maana shahidi ni yule anayeweza kuitwa tena na kuulizwa. Nikimfuta jina, sijamnyima heshima tu. Nimemwondolea msomaji njia ya kuuliza. Hapo kosa linaacha kuwa la adabu peke yake na linakuwa kosa la elimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tunaficha majina ili kuwalinda watu. Ni kweli. Mgonjwa, mtu aliyedhulumiwa, mtoto, hao jina lao linaweza kuwaletea madhara, na nchini mwetu hatuhitaji kufundishwa kwamba ushahidi unaweza kumgharimu anayeutoa. Siipingi kanuni hii. Ninachouliza ni nani anayeamua. Mimi sikumficha bibi ili kumlinda na chochote. Nilimfuta kwa sababu mfano wa kazi niliopewa ulikuwa umeandikwa hivyo, na kwa sababu ilikuwa rahisi. Kinga ambayo mwenyewe hakuulizwa kama anaitaka inafanana sana na kunyang'anywa.

La tatu ni swali zaidi kuliko pingamizi: tutaishia wapi? Seifu mwenyewe alikuwa na mwalimu. Alisimulia kwamba babu yake, Kalunde, aliujua mmea wa dawa uitwao mulengelele kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba mizizi yake na kuila. Basi babu huyo naye alikuwa mtafiti wa tabia za wanyama, bila chuo na bila daftari. Tukimtaja Seifu, tumtaje na Kalunde? Na nungunungu je?

Sikuwa na jibu, kwa hiyo likizo ilipofika nilirudi kwa bibi. Nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nilimuuliza. Nilimwomba mjukuu wake asome orodha polepole, mmea mmoja mmoja, kisha nikamuuliza bibi kama anataka jina lake liwekwe.

Alijibu mambo matatu, na yote yalinishinda.

Kwanza alinisahihisha. Majina mawili nilikuwa nimeyabadilisha, dawa ya kikohozi nimeiweka penye dawa ya vidonda, na ya vidonda penye kikohozi. Kosa hilo lilikuwa limepita mbele ya mwalimu na mbele yangu, likapata alama 17. Hakuna msomaji ambaye angeweza kuligundua, kwa sababu hakuna anayeweza kwenda kumtafuta namba 4.

Pili alisema mmea mmoja niutoe. Ni dawa ya wanawake, alinionyesha kwa sababu tulikuwa tunapita tu, hakudhani naandika. Nikautoa. Orodha sasa ina mimea 30.

Tatu, kuhusu jina, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, ukiandika langu peke yangu utakuwa umedanganya. Nusu ya hii alinifundisha mama mkwe, na yeye alitoka ng'ambo ya Ruhwa. Andika la kwake kwanza."

Hilo ndilo jibu la swali la tatu. Mnyororo hauna mwisho, lakini mimi siombwi kuufikisha mwisho. Naombwa nisiukate mikononi mwangu. Nimtaje aliyenipa, yeye amtaje aliyempa, na pale kumbukumbu inapoishia tuseme imeishia hapo. Seifu alimtaja babu yake, na babu hakumficha nungunungu. Ni mimi tu, mwenye kalamu na chuo, niliyeandika kana kwamba maarifa yalianza siku niliyofika na daftari.

Kwa hiyo naona kumtaja aliyetufundisha si fadhila. Ni sehemu ya kusema kweli, kama vile kuandika tarehe na mahali. Kabla ya kuandika, tumuulize mambo mawili: je, nimekuelewa sawa, na je, unataka utajwe? Akikataa, tunyamaze. Akikubali, tumwandike kwa jina lake kamili, mahali ambapo msomaji atamwona. Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo: ule mfano wa kazi tunaopewa uwe na mstari wa kujaza majibu ya maswali hayo mawili.

Msitu wa Cyamudongo hauko mbali na kwetu, na ndani yake wapo sokwe mtu. Pengine mmoja wetu atakwenda kusoma tabia zao siku moja, na mtu wa kijiji atamtangulia njiani. Natumaini atajua wa kumuuliza.

Msomaji ataona kwamba hata hapa sikulitaja jina la bibi. Ruhusa aliyonipa ilikuwa ya ile karatasi ya mimea, na humo majina yao yapo, la mama mkwe kwanza na lake la pili. Kwa kitabu hiki bado sijamwomba.