Ahadi Iliyomo Kiungoni

Wahenga waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakisema na watu wanaokijua kibaba: robo ya pishi, kipimo kilichokuwa hakikosekani dukani wala jikoni. Methali haina neno juu ya kibaba chenyewe. Hapakuwa na haja. Kibaba kilikuwapo jana na kingekuwapo kesho. Kilichongojewa ni nafaka tu. Mtu wa leo mwenye kipato kidogo, anayeijaza kompyuta yake haba na haba, mwezi huu kumbukumbu, miezi mitatu baadaye diski, hana amani hiyo. Hana hakika kuwa atakapofika nusu, kibaba kitakuwa kingali kibaba. Na hapo ndipo jambo hili, ambalo kwa juujuu ni la mafundi na wauza vifaa, linapobisha hodi katika mlango wa maadili.

Msomaji amkadirie mwalimu mstaafu wa Ng'ambo, mjini Unguja, mwenye kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2012. Ni moja ya zile mashine nyeusi, nzito, zilizotumika katika ofisi za Ulaya kwa miaka michache, kisha zikashushwa bandarini pamoja na mafriji na baiskeli kuukuu. Ndani yake mna mashairi ya marehemu mama yake. Mama aliyaandika katika madaftari kwa hati za Kiarabu. Mwalimu ameyanukuu kwa hati za Kirumi, akayapanga, akayasahihisha, akarudi akayasahihisha tena, kwa muda wa miaka kumi. Sasa mashine imezeeka. Ikiwashwa asubuhi, mtu aweza kuchemsha chai, akainywa, na kioo kingali cheusi. Diski imeanza kutoa sauti ya kugonga, mfano wa ukucha juu ya meza. Pensheni haitoshi kununua mashine mpya. Inatosha kununua kipande kimoja, kisha kungoja.

Hekima ya kazi hii imo katika utaratibu wake. La kwanza si mwendo, ni amana: kabla ya senti moja kutumika dukani, mashairi hayana budi kunakiliwa mara mbili, nakala moja ikakae nyumba nyingine. La pili ni umeme. Waliokuwapo Unguja hawajalisahau giza la Mei na Juni 2008, wala lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini kinachoiua kompyuta si giza. Ni umeme unaporudi kwa kishindo. Basi stabilaiza na pawasaplai nzima hutangulia, ijapokuwa hazionekani na wala haziongezi kasi hata chembe. Fundi anayeanza na mapambo ni sawa na seremala anayelipaka rangi jahazi ambalo kalafati yake imeoza.

Baada ya hapo ndipo inapokuja furaha. Diski ya zamani ina visahani vinavyozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinachohangaika juu yake kutafuta kilichoandikwa. Diski ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka. Ni chipu tupu. Mwalimu akiitia hiyo, mashine ile ile huamka kabla maji ya chai hayajapata moto. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 ikiongezwa ikawa 8, anaweza kufungua kamusi na diwani kwa pamoja bila kugandiwa. Betri ndogo mfano wa sarafu, inayoilinda saa ya mashine, hugharimu kidogo sana. Kuna na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ambayo kwa miaka imekauka ikawa kama chokaa. Kuna vumbi pia, na chumvi ya pwani, ambavyo havitaki fedha, vyataka brashi na subira.

Kisha prosesa, na hapa njia inaanza kuwa nyembamba. Mashine ya mwaka 2012 ya ukoo huu ina soketi yenye miguso 1,155. Prosesa yenye nguvu zaidi ya zama zile zile, iliyokwishatumika, hupatikana kwa bei ya chini na huingia bila taabu. Lakini kizazi kilichotoka 2013 kilikuja na soketi ya miguso 1,150. Pungufu ya mitano tu, na mlango umefungwa. Kadhalika kumbukumbu: ile ya DDR3 iliyoingia sokoni mwaka 2007 ina pengo lake mahali pake, na ile ya DDR4 ya mwaka 2014 pengo lake liko mahali pengine, makusudi, ili moja isitiwe kwa mwenzake. Anayetaka kuvuka hapo hanunui tena kipande kimoja. Anunue bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi, na pamoja nayo prosesa, na pamoja nayo kumbukumbu, vyote kwa siku moja. Haba na haba imekwisha. Yahitajika pishi nzima.

Swali la kale linalofanana na hili limo katika habari za Theseus zilizoandikwa na Plutarch. Watu wa Athens waliihifadhi jahazi ya shujaa wao kwa kuitoa kila ubao uliooza na kuutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakasema siyo. Aghalabu wasomi hulijibu swali hilo kwa kuhesabu mbao. Ubao wa ngapi ukitoka ndipo jahazi huwa nyingine?

Watu wa mwambao wangeliuliza vingine. Fundi wa Nungwi au wa Matondoni anajua kuwa mbao zote si sawa. Ubao wa ubavuni hubadilishwa na jina la chombo hubaki. Taruma huongezwa. Kalafati ni ya kila mara, na deheni vilevile. Lakini mkuku ukivunjika, watu hunyamaza kidogo kabla ya kusema lolote. Na mtepe, chombo kile cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi bila msumari wa chuma, unafundisha zaidi. Kamba ilichakaa, ikashonwa upya. Ubao ulioza, ukafumuliwa, ukashonwa mwingine. Kilichodumu hakikuwa kamba wala ubao. Kilichodumu ni matundu yaliyokubaliana: tundu la ubao huu kuelekea tundu la ubao ule. Aliyekuja na ubao mpya alijua mahali pa kutoboa.

Huo ndio ufumbuzi ambao kompyuta ya mwalimu inauleta mezani. Uzima wa kitu kinachokarabatiwa haumo katika vipande vyake, umo katika viungo. Na kiungo, ukikitazama vizuri, si chuma wala plastiki, ni ahadi. Mtu fulani, mahali fulani, amesema: tundu litakuwa hapa, upana huu, na halitahamishwa. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo vya kasha na bodi viitwavyo ATX, na hata leo bodi mpya za vipimo hivyo hufungwa kwa skrubu mahali palepale zilipokuwa zikifungwa wakati ule. Kiungo cha diski kiitwacho SATA kilianza kutumika mwaka 2003, na ndicho kinachoiruhusu diski ya SSD iliyotengenezwa juzi iingie katika mashine ya mwalimu kama iliyozaliwa nayo. Kampuni ya AMD ilipoleta soketi ya AM4 mwaka 2016, ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa kwa zaidi ya miaka mitano. Maelfu ya watu wasio na fedha ya mkupuo waliishi ndani ya ahadi hizi bila kujua majina ya waliozitoa.

Tajiri hana haja na ahadi hiyo. Yeye hununua mashine nzima kwa siku moja, na kiungo kikibadilika mwakani, atanunua nyingine nzima. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayemkopesha mtengenezaji imani yake. Kila kipande anacholipia leo hakina maana ila kwa kipande atakacholipia kesho. Kwa hiyo anayehamisha tundu bila sababu hamdhulumu kila mtu kwa kiasi sawa. Anamdhulumu yule aliyekuwa katikati ya safari. Zimo mashine za ofisi ambazo waliozibuni waliacha vipimo vya wote wakaunda soketi yao ya umeme, hata pawasaplai njema ya dukani haiingii. Na zimo kompyuta ndogo za mkononi ambazo kumbukumbu yake imeunganishwa kwa risasi juu ya bodi, mnunuzi asiweze kuiongeza maisha. Hao hawakuivunja ahadi. Hawakuitoa kabisa, na pengine huo ni uungwana wa aina yake, ikiwa mnunuzi aliambiwa mapema. Mara nyingi haambiwi.

Haifai hata hivyo kumpakazia mtengenezaji kila uovu. Kumbukumbu ya DDR4 hutumia umeme kidogo kuliko DDR3, na tundu la zamani lisingeliweza kuibeba. Kuna mabadiliko ambayo kiungo cha kale ni pingu kwayo. Anayedai kwamba tundu lisihamishwe kamwe anadai dunia isimame. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo zaidi: sababu, na muda.

Kipimo cha madai hayo kilionekana tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuitunza Windows 10 kwa masahihisho ya bure ya usalama kama ilivyozoeleka. Waliotaka waliwekewa utaratibu wa mwaka mmoja wa ziada. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel hudai prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya mwalimu ni ya kizazi cha tatu. Sababu ilitolewa, nayo si ya kubuni: wizi wa mitandaoni umekithiri, na chipu ile ni kufuli. Muda nao ulitolewa, miaka minne. Hata hivyo mashine nzima, yenye diski mpya na pawasaplai mpya, ilitangazwa kuwa mzee asiyestahili dawa, na waliotangaza hawakuwa wamekaa mbele yake hata siku moja. Katika mwaka 2022 dunia ilizalisha takataka za kielektroniki zipatazo tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi hazikufika robo. Kila tangazo la namna hii huongeza kitu katika jaa hilo, na majaa hayo hayapo milangoni pa wanaotangaza.

Mwalimu anayo njia nyingine. Anaweza kutia Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 na ambao matoleo yake kadhaa huiendesha mashine ya 2012 bila kinyongo. Tena si mgeni kwa Kiswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia zilizotafsiriwa kwa lugha hii, na wafasiri wake walilazimika kuamua neno kwa neno jinsi Mswahili atakavyoifungua na kuihifadhi kazi yake. Programu ile imepitwa. Baadhi ya maneno yao yangali yakitumika na watu wasiojua yalitoka wapi.

Limebaki swali gumu zaidi, nalo linamhusu mwalimu mwenyewe. Je, subira yake ni fadhila, au ni umaskini uliovishwa kanzu? Akijumlisha alichotoa kwa miaka mitatu, huenda kinakaribia bei ya mashine iliyotumika ya mwaka 2018, ambayo ingelimaliza maneno yote. Jirani yake mwenye duka humwambia hivyo kila Ijumaa, na hesabu yake ni sahihi. Isipokuwa hesabu hiyo inachukulia kuwa fedha ya miaka mitatu ilikuwapo mkononi siku ya kwanza. Haikuwapo. Maskini hanunui haba na haba kwa kuwa ni nafuu. Mara nyingi ni ghali. Hununua hivyo kwa kuwa ndivyo fedha inavyomjia. Kumsifu kwa uvumilivu bila kuuliza kwa nini hana njia nyingine ni sifa ya bei rahisi. Lakini kumcheka ni vibaya zaidi, kwani katika miaka hiyo mitatu amejifunza kuijua mashine yake kama nahodha ajuavyo chombo kivujacho, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na mashine mpya.

Hobbes, Mwingereza wa karne ya kumi na saba, aliliongeza swali la Athens makali: itakuwaje mtu akiziokota mbao zilizotolewa, moja baada ya nyingine, akaziunga tena kwa mpango wake wa awali? Jahazi ipi ni ya Theseus? Vitabuni, ni mchezo wa akili. Ng'ambo si mchezo, kwa sababu hapana kinachotupwa. Prosesa ya zamani, kumbukumbu ya zamani na diski ile inayogonga mwalimu amezitia katika kopo la biskuti, na mjukuu wa dada yake, kijana wa miaka kumi na sita, ameliomba kopo. Ameokota kasha na bodi ya zama zile zile kutoka ofisi iliyohama. Ameunga. Usiku mmoja mashine imewaka, polepole, kwa kugonga, na juu ya kioo yametokea mafaili ya mwalimu yaliyosahauliwa humo, pamoja na nukuu ya kwanza kabisa ya mashairi, kabla ya masahihisho.

Kesho yake kijana anakuja na karatasi aliyoandika kwa mkono. Katika ubeti wa nne wa shairi moja lipo neno la Kipemba ambalo halimo katika diwani ya sasa. Mwalimu alilitoa mwaka fulani kwa ajili ya mizani, akatia lingine lililo zuri zaidi. Na ubeti uliofuata nao aliugusa, na wa baada yake.

"Shikamoo, babu," anasema kijana. "Hivi bi mkubwa alisema lipi?"

Mwalimu anaipokea karatasi, anaisoma, kisha anauliza kama ile diski bado inagonga.