Nani ana haki ya kumdai Siti?

Hapa Tabora, Siti binti Saad akitajwa, hakosekani mtu wa kusema: "Huyo wetu bwana, baba yake Mnyamwezi!" Ni kweli. Lakini mama yake alikuwa Mzigua, na mwenyewe kazaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuimba. Jina la Siti alitunukiwa baadaye. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili.

Sasa najiuliza: tunamdai nani, Siti au Mtumwa? Maana njia ya misafara iliyopita hapa kwenda pwani ilibeba pembe za ndovu na binadamu pia, na waliofaidika hawakuwa wageni peke yao. Wenyeji nao walikula. Ukoo si santuri, kwamba utapiga upande unaokupendeza tu. Kumwita mtu wetu akishang'aa ni rahisi. Tukiutaka utukufu wa Siti, tulibebe na jina la Mtumwa, tujiulize ilikuwaje mtoto akaitwa hivyo.