Mbuzi Hasomi Gazeti la Serikali

Mbuzi akichinjwa kwetu Kishushe, watoto humzunguka yule anayesafisha matumbo, maana hapo ndipo penye ya kutazama. Tumbo kubwa likipasuliwa hutoka majani yaliyosagika, na siku hizi mara nyingine hutoka donge jeusi, gumu, linalonata. Ukilinyoosha kwa vidole unakuta juala la buluu limesokotana na uzi wa gunia na karatasi ya mkate. Mwenye mbuzi huguna tu. Alikuwa amemwona mnyama wake akikonda, hali, hachezi, akadhani ni maradhi, akaamua bora achinjwe kabla hajafa bure.

Hakukuwa na maradhi. Plastiki haisagiki tumboni, haicheuliki, wala haitoki na kinyesi. Inakaa pale pale, inaongezewa nyingine, mpaka malisho yanakosa nafasi na mnyama anakufa njaa tumbo likiwa limejaa. Huila kwa sababu imebaki na chumvi au harufu ya chakula kilichokuwa ndani. Na wakati wa kiangazi huku kwetu mbuzi hachagui. Kishushe si Wundanyi ya milimani, ya ukungu na migomba. Tuko chini ya milima ya Taita, tumepakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi, kwenye vichaka vya miiba na upepo usio na cha kuuzuia. Juala lililoachwa mlangoni pa duka asubuhi, jioni utalikuta limenasa mgungani, kimo hasa cha mdomo wa mbuzi.

Sheria tunayo, tena kali. Tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali lenye tarehe ya Februari 28, 2017, chini ya Profesa Judi Wakhungu aliyekuwa waziri wa mazingira, lilianza kutekelezwa Agosti 28 mwaka huo huo. Likapiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo kinachoweza kufika miaka 4. Majaribio ya 2007 na 2011 yalikuwa yameshafifia, na ilikadiriwa kwamba maduka makubwa ya Kenya pekee yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Zanzibar walishatutangulia mwaka 2006, Rwanda 2008. Tanzania Bara wakafuata Juni 2019. Siku za kwanza za marufuku yetu majuala yalifichwa chini ya kaunta kama bangi.

Nchi ilisafika, hilo silikatai. Mitaro ya miji ilianza kuonekana. Lakini hofu ya askari hukoma askari akipanda gari. Sokoni bado unaweza kufungiwa nyanya katika kijuala chembamba kisicho na jina la kiwanda, mchana kweupe, na wewe na muuzaji mkaagana vizuri. Vifungashio vya kiwandani, kama vya mkate, viliruhusiwa tangu mwanzo, na mbuzi hawezi kutofautisha kilichokatazwa na kilichosamehewa.

Kwa hiyo sababu yangu ya kulikataa juala haitoki kwenye faini. Mimi nanunua vitunguu, nalipa. Mfuko napewa bure, na kazi yake inakwisha nikifika jikoni. Anayekuja kuulipia ni mchungaji ambaye hakununua kitunguu hata kimoja, ambaye mbuzi wake alikuwa ndiyo karo ya muhula ujao. Hata kuuchoma shimoni nyuma ya nyumba, kama wengi tufanyavyo kwa kuwa lori la taka halifiki vijijini mwetu, ni kumpelekea jirani moshi wa sumu. Mtu muungwana hawezi kumwachia jirani bili ya sherehe ambayo hakualikwa.

Na majirani zetu si watu tu. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa. Vizuri, ila ndovu wa Tsavo haulizi mpaka uko wapi. Anavuka usiku akifuata maji na mahindi yetu, na tulichotupa huku nje ya mbuga anakikuta.

Wengine wamehamia mifuko ile inayoonekana kama kitambaa, wananunua mpya kila wakisahau ya zamani. Mingi yake ni plastiki vilevile. Hata pamba halisi ina gharama yake: watafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza waliripoti mwaka 2011 kwamba mfuko wa pamba hutakiwa kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yashuke chini ya yale ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kilicho muhimu basi ni ukaidi wa kukitumia kitu hadi kichakae. Hapo Wataita hatuna haja ya kufundishwa. Mwatate kuna shamba la mkonge lisilo na mwisho kwa macho, na akina mama wa Kasigau husuka vikapu vinavyouzwa hadi ng'ambo. Mgeni anavitundika ukutani kwake. Sisi tunaovisuka tunaingia dukani mikono mitupu. Kikapu cha mkonge hubeba sukari, mafuta ya taa na viazi kwa miaka, na kamba ikikatika hufungwa nyingine.

Nyama ndiyo bado inasumbua. Gazeti huloa damu kabla hujafika nyumbani, na kikapuni hutaki kuitia wazi. Bakuli lenye kifuniko linafaa, mradi mwenye bucha akubali kulipima kwanza likiwa tupu, na Jumamosi jioni, foleni ikiwa imefika barabarani, wengi wao hawataki kusikia habari hiyo.