Sauti Kubwa na Sauti Inayofika

Je, anayetaka kusikika ana haki ya kuwazima wengine? Hapa Nakivale swali hili si la vitabuni. Jumapili, kwaya za Wakongomani na za Warundi huimba katika makanisa yaliyokaribiana, kila moja na spika zake zilizonunuliwa Mbarara. Mmoja akipandisha, jirani naye anapandisha. Aliye njiani kuelekea Rugaaga husikia ngurumo tu, hasikii neno.

Tuitazame klarineti, ala isiyohitaji spika. Pumzi ya mpigaji hutikisa ulimi mmoja mwembamba wa tete. Anayeanza akiambiwa ukumbi ni mkubwa, hupuliza kwa nguvu na kuubana ulimi ule hata usitikisike vizuri. Masikioni mwake ni radi. Mstari wa nyuma hupata sauti nyembamba. Mpigaji hodari hulegeza koo, hutoa pumzi kwa mkondo usiokatika, na midomo yake hushika bila kuuma. Sauti yake hubeba mitetemo ya juu, kwenye hezi 3,000 hivi, ambako sikio la binadamu ni jepesi sana. Kwa hiyo hupenya kati ya fidla nyingi bila kuzifunika.

Lakini mpigaji mwenyewe hawezi kuhakikisha hayo, kwa kuwa anayoyasikia karibu siyo yanayofika mbali. Lazima mtu akakae nyuma kabisa amwambie. Siti binti Saad, kabla ya kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, alikuwa akinadi vyungu kwa sauti njiani. Mnadi hajipimi kwa koo lake. Hupimwa na mteja anayefungua mlango.

Kuna pingamizi, nalo ni zito. Mnyonge aliyesimama foleni tangu alfajiri, akisema kwa upole, nani atamsikiliza? Kumwambia alegeze koo ni kama kumdhihaki. Nakubali. Klarineti hupenya kwa sababu waliokuja ukumbini wamenyamaza, na hata tarumbeta hupunguza zamu yake inapofika. Basi wajibu wa kwanza, kwa maoni yangu, si wa mwenye sauti ndogo. Ni wa mwenye spika nne. Yeye akipunguza, ile kwaya iliyo chini ya turubai, isiyo na spika hata moja, itasikika hadi barabarani.