Nani Aliyefagia Ngome?

Mwongoza watalii wetu alisimulia habari za Elizabeth Báthory akiwa amesimama mbele ya basi, kipaza sauti mkononi, muda mfupi kabla hatujafika Čachtice. Alikuwa hodari wa kusimulia. Alijua pa kushusha sauti na pa kunyamaza. Aliposema kwamba kontesa huyo alidaiwa kuwaua wasichana 650 na kuoga damu yao ili asizeeke, abiria waliguna kwa pamoja, kisha wakacheka. Nami nilicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Ilikuwa safari ya siku moja kutoka Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Ratiba ilikuwa na vituo vitatu: magofu ya ngome ya Čachtice, kasri la Bojnice, na kijiji cha Čičmany chenye nyumba za magogo zilizochorwa kwa rangi nyeupe. Ngome na utamaduni wa wanakijiji, vyote kwa tiketi moja. Niliponunua tiketi hiyo sikujiuliza ngome na kijiji vilikuwa na uhusiano gani enzi hizo.

Pale Čachtice tulipanda mlima kwa miguu. Juu kuna kuta zilizobomoka, minara isiyo na paa, na upepo. Mbele yake kuna mabonde ya kijani na vijiji vyenye mapaa mekundu. Ni mahali pazuri mno. Watu walipiga picha, wakaulizana kama ni pale ndipo alipokuwa akioga.

Hakuoga. Hadithi ya kuoga damu iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kufa. Hesabu ya 650 nayo ilitoka kwa shahidi mmoja aliyeeleza alichosikia kwa mtu mwingine. Kinachojulikana ni hiki: mwishoni mwa Desemba 1610, György Thurzó, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa mfalme katika Ufalme wa Hungaria uliotawala nchi hii wakati huo, alimkamata kontesa pamoja na watumishi wake. Mamia ya mashahidi walihojiwa. Januari 1611 watumishi watatu waliuawa: wanawake wawili walichomwa moto, kijana mmoja alikatwa kichwa. Kontesa mwenyewe hakupandishwa kizimbani. Alifungiwa ndani ya ngome yake, na humo akafa Agosti 1614.

Wapo wanahistoria wanaosema alisingiziwa, kwa kuwa alikuwa mjane tajiri, na mfalme alikuwa na deni kwa familia yake. Wengine wanasema ushahidi ni mwingi mno kuwa uongo mtupu. Mimi si mwamuzi wa jambo hilo. Nililoliona ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya mtu mmoja tu. Je, alikuwa mnyama au alionewa? Wasichana hawamo katika ubishi huo. Wao ni tarakimu: wengine wanasema makumi, wengine mamia.

Hapo juu mlimani nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alipelekwa Tanga mjini akiwa na miaka 13 kufanya kazi za ndani. Alilala jikoni, juu ya mkeka, karibu na mtungi wa maji. Katika nyumba ile kila msichana wa kazi aliitwa Mariamu, kwa sababu wa kwanza alikuwa Mariamu na mwenye nyumba hakutaka usumbufu wa kujifunza majina mapya. Bibi aliitwa Mariamu kwa miaka minne. Jina lake alilirudisha alipoolewa. Hakupigwa sana, alisema, alipigwa kawaida. Neno hilo, "kawaida", alilitamka bila uchungu wowote, nasi wajukuu hatukumuuliza zaidi, maana tulitaka atuambie hadithi za sungura na fisi.

Basi swali langu ni hili: je, ni halali kuufurahia uzuri, au hadithi tamu, iliyotokana na maumivu ya watu ambao hatukujali hata kuuliza majina yao?

Jibu la kwanza linalokuja haraka ni kwamba wote wamekwisha kufa. Hakuna anayeumizwa na kicheko cha abiria miaka 400 baadaye. Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Tunajua wenyewe kwamba wafu wanaweza kukosewa heshima. Ndiyo maana tunanyamaza msibani hata kama marehemu hasikii. Tena madhara ya kicheko hayaishii kwa wafu. Anayezoea kusikia kifo cha mtumishi kama kionjo cha hadithi ya bwana wake, atasikiaje kesho habari ya msichana wa kazi aliyeanguka ghorofani katika mji fulani wa ughaibuni? Atauliza kwanza mwajiri ni nani.

Bojnice ilikuwa kinyume cha Čachtice. Kasri limekamilika, lina minara ya buluu na bustani, mfano wa picha za vitabu vya watoto. Lilitajwa katika maandishi tangu mwaka 1113, lakini sura yake ya leo ni ya juzi tu. Kabaila Ján Pálffy alilijenga upya kuanzia 1889, akiiga makasri ya bonde la mto Loire kule Ufaransa. Kazi ilikamilika 1910. Yeye alikuwa amefariki 1908, kwa hiyo hakuiona ndoto yake ikimalizika. Hakuwahi kuoa. Alipenda sanaa, alikusanya michoro na samani, na alitaka watu wa kawaida waruhusiwe kuiona. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo, na sikujaribu.

Katika ukumbi wenye dari la dhahabu nilisimama mpaka wenzangu wakanitangulia. Niliupenda. Nilitaka kuupenda bila kisirani. Lakini tangu asubuhi kulikuwa na neno moja lililokuwa likinizunguka kichwani. Mwongozaji alikuwa amelitamka akizungumza na dereva, nami nikamuuliza maana yake. "Robota," alisema, maana yake ni kazi. Tu kazi. Mtu akitoka asubuhi anakwenda kwenye robota.

Nililijua neno hilo kutoka kwingine. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki Karel Čapek aliandika tamthilia kuhusu viumbe waliotengenezwa ili wawafanyie watu kazi. Ndugu yake Josef alimpa jina la viumbe hao, na dunia nzima ikalichukua: roboti. Jina hilo lina mzizi mmoja na robota, ambayo zamani ilikuwa siku za kazi ambazo mkulima alilazimika kumfanyia kabaila bila malipo, kwa sababu tu aliishi katika ardhi yake. Kiswahili nacho kina neno la karibu na hilo. Wazee waliiita shokoa. Na katika mashamba ya mkonge ya Tanga kulikuwa na manamba, watu walioitwa hivyo kwa sababu walijulikana kwa namba zao.

Ni lazima niseme kwa haki: wakati Pálffy anaanza kujenga, robota ilikuwa imeshafutwa miaka zaidi ya 40 nyuma, mwaka 1848. Mafundi wa Bojnice hawakuwa watumwa. Lakini fedha zilizowalipa zilitoka kwenye mali ya urithi, na urithi wa makabaila ulikuwa ardhi, na ardhi bila mikono ya watu haimpi mtu dari la dhahabu. Mwongozo wa kasri ulinieleza mchoro upi ulitoka Italia na kabati lipi ni la karne ipi. Kuhusu siku ambazo watu waliacha mashamba yao yakiota magugu ili wakalime ya bwana, sikusikia lolote.

Hapo linakuja jibu la pili, ambalo ni gumu zaidi. Mtu atasema: ukifuata njia hiyo hutafurahia chochote. Ni jengo gani kubwa duniani lililojengwa bila jasho la mtu aliyeonewa? Je, tubomoe yote? Tutembee huku tumeinamisha vichwa?

Nadhani mtu huyu ana haki ya kukataa kuinamisha kichwa. Uzuri wenyewe hauna hatia. Dari halikumwonea mtu. Na watu waliolipaka dhahabu hiyo, ninavyoamini, walijivunia kazi yao. Kukataa kuitazama ni kuwanyima mara ya pili. Kosa halimo katika kutazama. Limo katika kukubali simulizi inayosema kwamba kitu hiki kilijengwa na mtu mmoja. Tunasema "Pálffy alijenga", nami nimelisema hivyo hivyo aya chache zilizopita bila kusita. Pálffy hakubeba hata jiwe moja.

Tulifika Čičmany jua likielekea kushuka. Kijiji kimekaa bondeni, katikati ya vilima vyenye misonobari. Nyumba ni za magogo meusi, na juu ya magogo kuna michoro myeupe: misalaba, mioyo, mistari ya kona na mizunguko, imejaa ukutani kama nakshi za kitambaa. Inaelezwa kwamba chokaa ilipakwa mwanzo ili kuukinga mti, na wanawake wa kijiji wakaigeuza urembo. Nilifurahi kuliko mahali pote siku ile. Nilijiambia: hapa sasa ndipo watu wenyewe wanaposema. Hakuna bwana hapa.

Mwongozaji alinipunguzia furaha kwa upole. Alisema sehemu kubwa ya kijiji iliungua mwaka 1921, na nyumba nyingi tunazoziona zilijengwa upya kwa msaada wa serikali, kwa kufuata zile za zamani. Mwaka 1977 kijiji kiliwekwa chini ya ulinzi kama hazina ya ujenzi wa kienyeji. Ndani ya nyumba ya makumbusho alituonyesha jinsi familia kadhaa zilivyoishi chini ya paa moja, na vyumba visivyo na moto ambamo wanandoa walilala hata wakati wa baridi. Mtalii mmoja akasema: maisha yalikuwa mazuri, rahisi. Mwongozaji hakumjibu.

Nami nikatambua kosa langu. Pale Čachtice nilikasirika kwa sababu mateso yalifanywa burudani. Hapa nilikuwa nimefanya umaskini kuwa pambo. Watu hawakujazana nyumba moja kwa kupenda ujamaa. Ardhi ilikuwa ndogo. Kuwasifu kwa urahisi wa maisha yao ni kuwaita wote Mariamu.

Nilitoka nje nikapiga picha ya nyumba iliyonivutia. Nilipotazama kioo cha simu niliona mkono umeshika pazia dirishani, na pazia likafungwa. Nyumba ile haikuwa makumbusho. Kulikuwa na mtu ndani anayetaka kula chakula chake cha jioni.

Sisemi watu wasije. Kijiji kinahitaji wageni, na duka la pale linauza vitambaa na vikombe vyenye michoro ile ile. Nilinunua kikombe. Ninasema tu kwamba tiketi hainunui kila kitu. Inanunua kuingia, kukaa kitini, kupanda mlima. Hainunui haki ya kuamua kwamba maisha ya wengine yalikuwa mazuri, au kwamba kifo chao kinachekesha. Hayo mtu hana budi kuyauliza, na kuuliza ni kazi, ni robota.

Tulipokuwa tunarudi, giza limeingia na wengi wamelala, nilikwenda kuketi nyuma ya mwongozaji. Nilimuuliza wale wasichana wa Čachtice walitoka wapi. Aligeuka kama mtu asiyetarajia swali hilo. Akasema wengi walikuwa mabinti wa wakulima wa vijiji vya karibu, waliopelekwa ngomeni kufanya kazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyesikiliza malalamiko. Wakuu walianza kusikiliza, alisema, pale ilipotajwa kwamba wamekufa pia mabinti wa makabaila wadogo.

"Mbona hukutuambia asubuhi?" nilimuuliza.

"Watu huuliza kuhusu damu," alisema. Kisha, baada ya kimya: "Nyanya yangu mzaa baba alikuwa msichana wa jikoni kwa bwana mmoja. Sijui hata bwana huyo alikuwa mwema au mbaya. Hakupenda kusema."

Nilimwambia kuhusu bibi yangu na jina la Mariamu. Akataka kujua jina lake halisi. Nilimtajia, naye akajaribu kulitamka mara mbili mpaka akalipata.

Picha ya Čičmany ninayo bado. Sikuifuta, lakini siionyeshi watu. Ukiitazama vizuri, unaona michoro myeupe, na dirishani, chini kushoto, vidole vinne vimeshika pazia.