Imani Kwenye Rafu

Anayewafundisha wakutubi wa shule katika shahada ya uzamili hana budi kuwafikisha mapema kwenye namba 200. Hapo ndipo mfumo wa desimali wa kupanga vitabu vya maktaba aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 unapoweka dini. Ukristo umepewa karibu uwanja wote, kuanzia 220 za Biblia hadi 280 za madhehebu. Uislamu, wenye waumini zaidi ya bilioni moja, umebanwa kwenye 297. Na dini za asili za Afrika? Ziko 299.6, nyuma ya nukta.

Hapo kinachoonekana kuwa ufundi mtupu hugeuka swali zito: je, upo mpangilio usiopendelea imani yoyote?

Pengine haupo. Rafu lazima ianzie mahali na iishie mahali, na mtoto anayetafuta kitabu kuhusu imani ya bibi yake huanza kufundishwa na nafasi ya kitabu hicho kabla hajakifungua. Wahariri wa mfumo wamerekebisha mengi, hata wakatoa mpangilio mbadala wa dini. Lakini kubadili namba za vitabu vilivyokwisha kupangwa ni kazi ngumu, hasa shule inapokuwa na mkutubi mmoja tu.

S. R. Ranganathan wa India, katika sheria zake tano za mwaka 1931, alimtetea kila msomaji na haki yake ya kupata kitabu kinachomfaa. Haki hiyo haitoshelezwi na kitabu kuwepo tu, kwani nafasi yake kwenye rafu nayo humfundisha msomaji. Ndiyo maana zoezi bora darasani ni kumtaka kila mwanafunzi aipange upya rafu ya dini, kisha autetee mpangilio wake mbele ya wenzake wa imani tofauti.